Nyimbo za chati za ujana wangu zimenirudia na zinaniliza, ni akili inanidanganya au zilikuwa nzuri kweli?

SWALI: Habari mwalimu. Nina miaka 42. Mwezi uliopita nilikuwa naendesha gari, simu ikajichagulia yenyewe wimbo mmoja wa pop wa mwaka 1999, ule uliokuwa unapigwa redioni kila saa, nikajikuta nalia mpaka nikasimama pembeni. Cha ajabu enzi zile nilikuwa nasema siupendi, maana kaka yangu na rafiki zake walikuwa wanauita muziki wa mabinti wasiojua muziki. Sasa hivi nasikiliza nyimbo za 1997 mpaka 2001 kila usiku. Naomba kujua, ni kumbukumbu tu au nyimbo zilikuwa nzuri kweli? Mbona nyingine zinasikika tofauti na ninavyozikumbuka? Na nikizisikiliza sana hii hali itaisha? Binti yangu wa miaka 13 alikuwa kwenye gari siku ile na sasa kila tukitoka ananiomba niurudie huo wimbo.

JIBU: Dada yangu, asante sana kwa swali na kwanza kabisa hakuna kinachokudanganya. Kazi yangu ni ya studio, narekodi waimbaji na kuchanganya sauti, na pembeni nafundisha upangaji wa muziki, na watu wanaoniuliza kitu kama hiki ni wengi kuliko unavyodhani, ila karibu wote wanauliza kwa sauti ya chini kama wanaungama dhambi. Kuna vitu viwili vilikukuta kwenye lile gari kwa mpigo mmoja, kimoja kiko kichwani mwako na kingine kiko ndani ya wimbo wenyewe, na vinatenganishika kabisa, tena wewe bila kujua umeshaanza kuvitenganisha, nitafika huko.

Tuanze na kichwa. Watafiti wa kumbukumbu wanajua siku nyingi kwamba ukimwambia mtu mzima akusimulie maisha yake, yale anayoyakumbuka hayajasambaa sawasawa, yamerundikana kwenye miaka ya ujana, kuanzia kama miaka 10 hivi mpaka 30. Muziki nao uko humohumo. Mwaka 1989 Morris Holbrook na Robert Schindler waliwasikilizisha watu wa rika tofauti vipande vya nyimbo zilizotamba miaka mbalimbali wakakuta kilele cha mapenzi ya mtu kinaangukia kwenye nyimbo zilizotoka akiwa na miaka kama 23 na nusu. Lakini utafiti unaokuhusu wewe zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California pale Davis, uliotoka 2009. Yeye aliwaingiza wanafunzi kwenye mashine ya kupiga picha ubongo akawachezea vipande vya sekunde 30 vya nyimbo, na hizo nyimbo hakuwauliza wanapenda zipi, alizitoa kwenye chati za miaka ambayo kila mmoja wao alikuwa na umri wa kati ya miaka 8 na 18. Wimbo ulipogusa kumbukumbu ya maisha ya mtu, sehemu moja ya ubongo pale mbele nyuma ya paji la uso ilikuwa inaamka, na hiyo sehemu ndo inayoshughulika pia mtu anapojifikiria yeye mwenyewe, yeye ni nani.

Sasa ona alichofanya, alichukua chati. Albamu unaichagua mwenyewe, unainunua au unaazima, unakaa nayo chumbani. Wimbo wa chati haukuombi ruhusa. Unakukuta dukani, kwenye basi, kwenye redio ya jirani kupitia ukutani, uko na homa unausikia, umegombana na mama unausikia, kwa hiyo unajibandika kwenye kila kitu, hata vitu ambavyo usingefikiria kuvitunza. Ndo maana wimbo wa aina hii ukirudi haukuletei tukio moja, unakuletea hewa yote ya mwaka ule, harufu ya ile sweta, jinsi mlango ulivyokuwa unagonga.

Halafu kuna hili la kaka yako, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndo naona limebeba swali lako lote. Wewe unasema cha ajabu ni kwamba ulikuwa husemi unaupenda. Mi naona si ajabu, hiyo ndiyo sababu. Zile nyimbo ulizokubali kuzipenda hadharani, za kaka yako na rafiki zake, umetembea nazo, umezisikiliza ukiwa na miaka 20, ukiwa na 30, kazini, kwenye harusi za watu, zimeshapakwa rangi juu ya rangi na sasa zikipigwa hazikupeleki mahali popote maalumu. Ule uliouficha hukuupiga tena. Uliufungia ndani na mwaka 1999 wake, ukaenda zako, na zaidi ya miaka 20 hakuna aliyeufungua. Siku ile kwenye gari ulikuwa unafungua kitu ambacho hakijaguswa na kila kitu kilikuwa bado mahali pake. Wataalamu wa kumbukumbu wana kanuni inayoeleza hili, kwamba kidokezo kimoja kikifungwa kwenye mambo mengi sana kinapoteza nguvu ya kuleta jambo lolote moja, na kilichofungwa kwenye machache kinabaki na makali. Kwa hiyo aibu, ambayo ilikunyima wimbo ukiwa na miaka 16, imekutunzia huohuo wimbo mpaka leo. Nimewaona watu wengi studio, wanamuziki wakubwa kabisa, wakikauka macho kwenye nyimbo wanazoziheshimu halafu wanalowa kwenye zile walizokuwa wanazikana.

Mimi mwenyewe nilikuwa na kaseti ya kurekodi redioni, unakaa na kidole juu ya kitufe unasubiri mtangazaji anyamaze. Kuna wimbo mmoja humo ambao mtangazaji alichelewa kunyamaza, akaongea juu ya ubeti wa kwanza mpaka neno la nne, na mwisho wake mkanda uliisha kabla ya kiitikio cha pili, tak, kimya. Juzijuzi nimeusikiliza wimbo mzima, safi kabisa, na pale kwenye neno la nne mwili ukasubiri ile sauti ya mtangazaji, na kabla ya kiitikio cha pili nikashika pumzi nikisubiri ile tak. Haikuja, wimbo ukaendelea, kukawa na dakika moja na nusu ya wimbo ambayo sijawahi kuwa nayo ujanani, yaani nilipewa kitu kipya kutoka mwaka uleule. Nilikaa pale kama mtu aliyeletewa barua iliyochelewa.

Hiyo inanileta kwenye swali lako la pili, kwa nini zinasikika tofauti. Zinasikika tofauti kwa sababu nyingine kweli ni tofauti, masikio yako yako sawa. Redio ya FM inakata sauti za juu kabisa kwenye kilohezi 15 (kilohezi ni kipimo cha sauti iko juu kiasi gani), na vituo vilikuwa na mashine za kubana sauti ili kila kitu kisikike kwa nguvu ileile, kwa hiyo ngoma na besi ulizozizoea wewe zilikuwa zimeshashikanishwa na redio. Kaseti nayo inatakiwa izunguke kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde, lakini redio kaseti nyingi hazikuwa sawasawa, ikizidi kidogo tu wimbo unapanda juu na mwimbaji anasikika mdogo wa umri. Ukiwa umeusikia miaka miwili kwenye mashine ya namna hiyo, leo ukiusikia kwenye kasi yake halisi utaona kama umechoka, umeshuka. Haujachoka.

Pia kuna toleo. Wimbo mmoja wa wakati ule ulikuwa na toleo la redio lililofupishwa, toleo la albamu, na rimiksi tatu nne, na chati ilikuwa inahesabu jina moja tu. Siku hizi mtandao wa muziki unakupa lile la albamu wakati wewe uliishi na lile la redio, unashangaa mbona hapa katikati wanapiga sana ala. Na zaidi ya hapo kuna nyimbo zilizorekodiwa upya na wasanii wenyewe miaka mingi baadaye, mara nyingi kwa sababu ya mvutano wa haki na kampuni za rekodi, jina lilelile, picha inayofanana, sauti imezeeka. Halafu kuna kusafishwa upya kwa rekodi za zamani, ambako watu wangu wa fani hii tumekosea mno miaka ya 90 mwishoni na 2000 mwanzoni, tulikuwa tunabana na kupandisha sauti kila mwaka juu zaidi ya mwaka uliopita mpaka sehemu ya kimya na sehemu ya kelele zikawa sawa, hakuna pumzi. Kwa hiyo ukikuta wimbo unakuchosha masikio, usiutupe, tafuta rekodi nyingine ya wimbo huohuo, angalia mwaka ulioandikwa na urefu wake, toleo la redio mara nyingi linakuwa chini ya dakika nne. Ukiweza kupata sidii ya singo yenyewe ya wakati ule, yaani ile iliyouzwa na wimbo huo peke yake bila albamu, ndo bora zaidi.

Kitu kingine kidogo, maana najua utaanza kutafuta orodha. Usizipe orodha za chati uaminifu wote. Chati kubwa ya Marekani, ile Hot 100 ya Billboard iliyoanza Agosti 1958, mpaka Desemba 1998 ilikuwa haiuhesabu wimbo ambao haukuuzwa dukani kama singo, na kampuni zilikuwa zinafanya makusudi kutouza singo ili watu wanunue albamu nzima. Ndo maana Don't Speak ya bendi ya No Doubt ilikaa wiki 16 nambari moja kwenye chati ya redio kutoka 1996 kuingia 1997 na kwenye Hot 100 haimo kabisa. Kwa hiyo kama kuna wimbo unaukumbuka ulikuwa kila mahali na humo hauonekani, amini kumbukumbu yako.

Haya, je nyimbo zilikuwa nzuri? Kwa moyo wangu wote nasema nyingi ndiyo, na si nzuri kwa bahati. Chukua studio ya Cheiron pale Stockholm. Ilikuwa ya Denniz PoP, mtu aliyetokea kwenye udijei, na akamchukua kijana mmoja aliyekuwa anaimba kwenye bendi ya roki nzito, leo dunia inamjua kama Max Martin. Denniz alifariki Agosti 1998 akiwa na miaka 35, kwa saratani, na miezi michache baadaye ...Baby One More Time ya Britney Spears, iliyotoka mikononi mwa hiyo studio, ikawa nambari moja, hakuiona ikifika pale. Kila nikifikiria hilo linaniuma. Wimbo wenyewe kwanza walipelekewa TLC, kundi la mabinti la Marekani, wakaukataa. Na unajua unavyoanza, noti tatu tu za piano, mtu yeyote aliyekuwa hai wakati ule anajua ni nini kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Kutengeneza noti tatu ambazo hazifanani na kitu kingine chochote ni kazi ngumu kuliko kujaza dakika nane za gitaa, nakwambia kama mtu anayejaribu kila siku.

Au chukua I Want It That Way ya Backstreet Boys, ya mwaka wako huohuo wa 1999. Watu wamecheka maneno yake miaka yote kwamba hayaeleweki, na ni kweli hayaeleweki ukiyasoma kwenye karatasi. Kuna wakati yaliandikwa maneno mengine yenye mantiki zaidi na bado wenyewe wakachagua yale ya mwanzo, kwa sababu silabi zilikuwa zinakaa vizuri juu ya melodi. Max Martin anajulikana kwa hilo, anahesabu silabi, mstari wa kwanza ukiwa na idadi fulani na mkazo mahali fulani basi mstari wa pili unaujibu vilevile. Sisi tunaojua kuimba tunaelewa hii kitu, irabu ikikaa pabaya mwimbaji anaumia koo na msikilizaji anaumia bila kujua kwa nini, irabu ikikaa pazuri mdomo unafunguka wenyewe na ukumbi mzima unaimba. Na hizo irabu pana unaweza kuziimba hata kama hiyo lugha huijui, sasa fikiria vijana wangapi walizijua hizi nyimbo kwa midomo kabla hawajazijua kwa maana.

Naomba ufanye kitu kimoja usiku wa leo. Chukua wimbo wowote wa kipindi kile ambao haukulizi, huo wa gari uache kwanza, weka hedifoni, na usimfuate mwimbaji mkuu. Fuata wale wanaoitikia nyuma. Kiitikio cha kwanza utawakuta wachache, cha pili wameongezeka na kuna mmoja amepanda juu ya melodi, na kile cha mwisho mara nyingi wimbo mzima unapanda ngazi na kuna mtu anaimba melodi tofauti kabisa juu ya kiitikio na zote mbili zinakaa kwenye kodi zilezile, yaani noti zinazopigwa pamoja chini ya wimbo, bila kugongana. Zile sauti zilirekodiwa moja moja, mtu mmoja anarudia mstari uleule mara sita, mara nane, mpaka pumzi za rudio la nane zianguke mahali palepale pa rudio la kwanza. Nimewahi kukaa na mwimbaji mpaka alfajiri kwa ajili ya neno moja la namna hii. Mtu aliyekwambia hawa hawajui muziki alikuwa hajasikiliza, na simlaumu kaka yako, alikuwa kijana, naye kuna mtu alimfundisha kudharau. Ila tusifichane, kilichokuwa kinadharauliwa kwa kiasi kikubwa ni wasikilizaji wenyewe. Mabinti waliopiga kelele kwa The Beatles mwaka 1964 waliambiwa hayohayo, kwamba wamepata wazimu, leo hakuna mwanamuziki anayebisha kwamba walisikia kitu cha kweli mapema.

Sisemi zote zilikuwa nzuri. Chati ya wiki yoyote ina takataka zake, nyimbo zilizonakili zilizofanikiwa miezi sita nyuma, na zile za mzaha za msimu mmoja. Utazijua haraka, zinakuchekesha mara ya kwanza, mara ya pili unaruka. Usijilazimishe kuzipenda kwa sababu tu ni za mwaka wako.

Ila kuhusu ule wimbo wa kwenye gari, kipimo unacho nyumbani, ni binti yako. Hana mwaka 1999. Hajawahi kuusikia kwako kwa sababu wewe ulikuwa huupigi. Kwake ule ni wimbo mpya, hauna homa, hauna sweta, hauna kaka wa kumcheka, na bado anaomba urudie. Mi sihitaji ushahidi mwingine.

Sasa hilo la mwisho, kama itaisha. Hali ya kulia itapungua, ndiyo, kwa sababu ileile niliyokueleza, kila ukiupiga unaubandika kwenye leo, kwenye foleni ya leo na jiko la leo, na 1999 inarudi nyuma kidogo. Raha ya muziki haitaisha. Kuna utafiti wa Valorie Salimpoor na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, wa 2011, walipima watu wakisikiliza nyimbo zinazowasisimua mwili wakakuta dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, inaachiliwa mara mbili, kuna ya ule msisimko wenyewe na kuna ya kabla yake, wakati mtu anaujua wimbo na anasubiri sehemu yake ifike. Kwa hiyo kuujua wimbo hakukupunguzii, kunakupa kile cha kusubiri. Kinachochakaa ni mlango wa kurudia siku zile tu.

Ndo maana nakushauri uache kusikiliza kila usiku. Nyimbo mbili tatu zinazokugusa zaidi zitoe kabisa kwenye pleilisti, usizipige ukiwa unafanya kitu kingine, usiziwekee mlio wa simu hata kidogo, zipige mara moja moja ukiwa umekaa, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kama una mtu wa rika lako mliyekuwa naye kipindi kile mpigie simu msikilize pamoja. Zilizobaki sikiliza utakavyo, cheza, imba kwa sauti, zirudishe kwenye maisha. Na kama una hamu ya ile hali ya kufungua kitu kilichofungwa, usirudie zilezile, tafuta nyimbo zilizoishia nafasi ya 15, ya 30, zile zilizopita wiki nne zikapotea, maana hizo karibu hakuna aliyezipiga tangu wakati ule. Humo ndo kuna hazina, utausikia wimbo ambao hukujua kama unaujua na ghafla unajua maneno yote.

Na huo wa kwenye gari, mi ningemwachia binti. Carol Krumhansl na Justin Zupnick walichapisha utafiti mwaka 2013, waliwapigia vijana wa kama miaka 20 nyimbo zilizoongoza chati tangu 1955 mpaka 2009, wakakuta hawajashikamana na za wakati wao tu, kuna kilima kingine kwenye miaka ya 80 mwanzoni, wazazi wao walipokuwa vijana. Zilikuwa zimewaingia nyumbani na kwenye gari. Akikuomba tena kesho urudie, urudie, hata mara tano, kwako wewe wimbo utapungukiwa na 1999 kidogo kila mara lakini yeye ana miaka 13, unambandikia kiti cha mbele, dirisha limeshushwa nusu, na mama yake anaimba sauti ya pili.